Nyeusi, silva au kijivu? Kisa cha rimu saba za lori la simiti

Lori ni la tairi sita, la Kijapani, na kazi yake ni kubeba simiti kutoka viwanda vya Athi River hadi maduka ya vifaa vya ujenzi ya Eastlands, Nairobi: Kayole, Umoja, Kariobangi, na siku nyingine mpaka Ruai. Mwenye lori ni mama mwenye duka hapo Kariobangi. Dereva ni mzee aliyekaa kwenye usukani miaka mingi, na taniboi wake ni kijana anayeosha gari kila Jumamosi jioni. Swali walilonipa lilikuwa rahisi kulisema: rimu zote saba, sita za barabarani na moja ya akiba, zitolewe kutu na kupigwa rangi upya. Zipigwe rangi gani?

Mama alitaka nyeusi inayong'aa. Mzee alitaka silva, kama zilivyotoka kiwandani. Fundi wa rangi, ambaye ana banda lake pale Kariobangi Light Industries, alisema atapiga yoyote atakayoambiwa, lakini yeye angependa nyeupe. Mimi nilipendekeza kijivu hafifu, kile cha masanduku ya swichi za stima. Hakuna aliyeipenda siku ya kwanza. Naandika kisa hiki chote kwa sababu kila siku naona malori yenye rimu nyeusi tii yakipita Outering Road yakiwa na mzigo, na najua kuna kitu dereva wake hawezi kukiona hata akizunguka gari lake kila asubuhi kama anavyotakiwa.

Rimu hizi zilikuwa zimepigwa rangi mara moja kabla ya hapo, mwaka mmoja nyuma. Karakana moja ilizichukua zikiwa na kutu ikazirudisha nyeusi, tabaka juu ya tabaka, na vanishi juu yake. Zilipendeza kweli. Mama alizipiga picha akazituma kwa ndugu zake. Muda si mrefu baada ya kuanza kubeba mzigo nazo, mzee alisikia mgongo wa gari ukigonga kila akipunguza mwendo, na alipokaribia mizani ya Mlolongo akaamua kusimama. Nati za gurudumu la nyuma kushoto zilikuwa zinazunguka kwa vidole. Stadi moja, yaani skrubu nene ambayo nati hufungwa juu yake, ilikuwa imekatika. Rimu ya nje ilikuwa imecheza mpaka matundu yake yakawa ya umbo la yai.

Mzee hakuzikaza akaendelea, ingawa simu za dukani zilikuwa haziishi. Aliegesha, akaweka mawe na matawi barabarani, akangoja fundi. Rimu yenye matundu yaliyopanuka ilitupwa, ikanunuliwa nyingine, stadi iliyokatika ikabadilishwa, lori likarudi kazini. Ndipo mama, akiwa na hofu na akitaka kuanza upya, akasema rimu zote zifanyiwe kazi tena, safari hii kwa uangalifu.

Jambo la kwanza nililoliangalia halikuwa rangi yenyewe bali unene wake. Nati za gurudumu lile zilikazwa vizuri siku zilipofungwa. Mzee aliisimamia kazi hiyo mwenyewe na namwamini. Shida ilikuwa chini ya nati. Nati ikikazwa, stadi huvutika kidogo mno, sehemu ndogo ya milimita, na mvuto huo ndio unaobana rimu kwenye haba, kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Hesabu sasa gurudumu la nyuma lenye rimu mbili zilizobanwa na nati moja. Kuna rangi upande wa rimu ya ndani unaoegemea haba, rangi upande wake wa pili, rangi upande wa rimu ya nje unaoegemea ya ndani, na rangi tena pale nati inapokalia. Sehemu nne za rangi zimebanwa pamoja. Rangi ni laini kuliko chuma. Gari likibeba mzigo, breki zikipata moto, rangi ile inapondeka na kusogea, na ule mvuto mdogo wa stadi unapotea. Wala nati haihitaji kuzunguka hata kidogo ili ilegee. Inabaki palepale, na kazi yake imeisha.

Watengenezaji wa rimu za malori husema rangi kwenye uso wa kukalia haba isizidi takriban mikroni 75 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Nilichukua kipimo cha sumaku nikapima unene wa rangi kwenye uso wa rimu ya kulia, ile ambayo haikuonekana kuwa na tatizo. Ilizidi kiwango hicho zaidi ya mara mbili. Hapo sikuwa na haja ya kutafuta mchawi mwingine.

Sasa turudi kwenye rangi, maana hapa ndipo nyeusi inapoingia kwenye kesi. Nati inayolegea huwa inatoa taarifa mapema. Chuma kinasuguana na chuma, unga mwembamba wa kutu unatoka chini ya nati, mvua au maji ya kuoshea yanauchukua, na mzunguko wa gurudumu unautupa kuelekea nje. Unapata mchirizi wa rangi ya kahawia unaoanzia kwenye nati na kwenda ukingoni mwa rimu. Ufa nao ni hivyo hivyo. Rimu ya chuma ikianza kupasuka, mara nyingi ni kwenye matundu ya stadi au kwenye madirisha yale ya kupitisha hewa, na dalili ya kwanza ni mstari mwembamba wa kutu, mwembamba kuliko uzi.

Kwenye rimu nyeusi vyote hivyo vipo na havionekani. Nilimwita mama na mzee waje karibu na gurudumu la nyuma kulia, lile ambalo kila mtu alidhani ni zima. Nikachukua kitambaa cheupe, nikakilowesha, nikapangusa rimu kutoka katikati kwenda nje, nati moja baada ya nyingine. Kwa nati nyingi kitambaa kilitoka na vumbi la kijivu tu. Kwa nati mbili kilitoka na mistari ya kahawia, imenyooka kama imechorwa kwa rula. Mzee alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama, hii gari nimeizunguka kila asubuhi." Na ni kweli alikuwa ameizunguka. Rangi ndiyo iliyomnyima habari.

Mama hakuiacha nyeusi kwa urahisi, na nasema hivyo kwa heshima. Lori lake ni la bluu, limeandikwa jina la duka, na wateja wanalijua. Kwa mfanyabiashara wa Eastlands gari safi lina thamani yake. Mtu hakupi oda ya mifuko mia mbili ukimjia na gari linaloonekana limechoka. Kwa hiyo sikumwambia kwamba sura haina maana. Nilimwambia tutafute rangi itakayofanya kazi zote mbili.

Mzee naye alikuwa na hoja yake dhidi ya nyeusi, ila ilikuwa hoja ambayo singeweza kuisimamia. Alisema rimu nyeusi huvuta joto na kupasua tairi. Ni imani iliyoenea sana stendi za malori. Chuma cheusi kilichoanikwa juani hupata moto zaidi ya cheupe, hilo ni kweli, na ukikigusa saa saba mchana utajua. Lakini joto linaloharibu tairi ya lori linatoka kwenye breki, kwenye mzigo uliozidi na zaidi ya yote kwenye upepo mdogo: tairi isiyo na upepo wa kutosha inajikunja kila mzunguko na kujipasha moto yenyewe. Gari likiwa linatembea, hewa inayopita ndiyo inayopoza rimu, na hewa haiulizi rangi. Hata kwa joto linalotoka kwa mnururisho, rangi za kawaida, ziwe nyeusi au nyeupe, hulitoa karibu sawa. Ni chuma kilichong'arishwa au rangi yenye vipande vya alumini ndivyo vinavyolishika. Kwa hiyo ile silva aliyoitaka mzee, kwa hesabu ya joto la breki, haina nafuu yoyote dhidi ya nyeusi. Nilimwomba awe anapima upepo wa tairi za ndani za nyuma, zile ambazo watu huzipiga teke tu na kuzipita.

Silva ina kasoro nyingine, na hii ndiyo iliyoiondoa. Kwanza inaficha. Inakaa vizuri na vumbi la breki na uchafu wa barabara. Mchirizi mwembamba juu ya silva unapotea kwenye mng'ao. Pili, haiwezi kupakwa kwa viraka. Rangi ya silva ina vipande vidogo vya alumini vinavyolala kulingana na jinsi bunduki ilivyoshikwa na upepo wa kompresa ulivyokuwa. Ukija miezi sita baadaye na brashi kuziba mkwaruzo wa jiwe, vipande vinalala tofauti na kile kiraka kinaonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Rimu ya lori la simiti itakwaruzwa. Fundi wa tairi atakuja na vyuma vyake vya kufungulia, ataikwaruza, na mtu anatakiwa aweze kuziba mahali pale siku hiyo hiyo kabla kutu haijaingia. Rangi isiyo na mng'ao wa vipande inaruhusu hilo. Kopo dogo na brashi ya shilingi chache vinatosha.

Nyeupe aliyoipenda fundi ina sifa kubwa. Kampuni nyingi za malori duniani zimeichagua kwa sababu hiyo hiyo ya kutu na nyufa, na kama lori hili lingekuwa linatembea kwenye lami tupu ningeikubali bila kusita. Lakini Nairobi imekaa juu ya udongo wa aina mbili. Upande wa Kiambu na magharibi ni mwekundu, na upande wa Embakasi, Syokimau na Athi River ni ule mweusi wa mfinyanzi unaonata. Lori hili linaingia kwenye maeneo ya ujenzi kote kote. Nyeupe ikikaa wiki moja bila kuoshwa inakuwa ya waridi chafu, na mchirizi wa kutu unaanza kufanana na tope la Ruaka.

Sikutaka tubishane kwa maneno tu. Rimu ya akiba ilikuwa nzima, kwa hiyo tuliisafisha, fundi akaigawanya kwa tepu ya karatasi katika robo nne, akapiga nyeusi, silva, nyeupe na kijivu hafifu, nyembamba, bila kugusa uso wa kukalia. Ikafungwa nyuma kushoto, upande wa nje. Mama alisema gari lake limekuwa kama la maonyesho na akaomba lisisimame mbele ya duka. Mzee alilitembeza kwa majuma kadhaa kwenye njia zake za kawaida.

Jumamosi tuliyokutana kuliangalia, taniboi aliambiwa asilioshe kwanza. Robo nyeusi ndiyo iliyokuwa chafu kuliko zote, na hilo lilimshangaza mama. Vumbi la simiti ni la kijivu-jivu, na juu ya nyeusi linaonekana kama mtu amemwaga majivu. Ile gloss aliyoipenda ilikuwa haionekani tena. Robo nyeupe ilikuwa na wekundu pembeni. Silva ilikuwa ya wastani. Robo ya kijivu ilionekana kama ilivyopigwa, kwa sababu vumbi na rangi vilikuwa karibu ndugu. Kisha nikachovya brashi nyembamba kwenye maji ya kutu tuliyoyatoa kwenye kopo la misumari ya zamani, nikachora mstari mmoja kwenye kila robo, kutoka nati kwenda nje, na kuuacha ukauke. Tukarudi nyuma hatua nne, umbali ambao dereva huwa anatembea akizunguka gari. Kwenye nyeupe mstari ulionekana vizuri. Kwenye kijivu ulionekana karibu sawa na kwenye nyeupe. Kwenye silva ilibidi uinamishe kichwa. Kwenye nyeusi mzee aliuliza kama nimeshachora.

Mama akasema, "Basi fundi, weka hiyo ya stima." Ikawa imeamuliwa.

Nilisisitiza rangi iwe na namba, isiwe ya kuchanganywa kwa macho. Kuna mfumo wa Ujerumani wa namba za rangi uitwao RAL, ulioanza mwaka 1927, na kijivu hiki ni RAL 7035. Duka la kuchanganya rangi likipewa namba hiyo litatoa rangi ile ile leo na mwaka ujao. Nyeusi ya kawaida ni 9005, kwa atakayeihitaji kwa kazi nyingine. Kukosa namba ndiko kunakofanya malori mengi yawe na rimu sita za kijivu cha aina sita.

Aina ya rangi ilichukua muda zaidi kuliko nilivyotarajia, na sababu ni simiti yenyewe. Simiti ikilowa hutoa alkali kali. Rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya kopo ya mageti, imetengenezwa kwa mafuta ambayo alkali huyavunja taratibu na kuyageuza kitu kama sabuni. Ndiyo maana rimu za malori ya simiti hubambuka kwa magamba hata kama hazijagongwa. Epoksi inavumilia alkali vizuri sana na inashika chuma, lakini haipendi jua. Ikikaa nje inatoa unga mweupe na kufifia. Na jua letu si la kuchezea. Tuko karibu na ikweta, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na miale inayochosha rangi inatufikia kwa wingi. Kwa hiyo tulikubaliana praima ya epoksi chini na rangi ya 2K ya poliyurethani juu, yaani ya sehemu mbili, rangi na hadina ya kuigandisha.

Rangi ya unga ilipendekezwa pia, ile inayopulizwa kwa umeme na kuokwa kwenye tanuri kwa nyuzi 180 hadi 200 hivi. Ni nzuri, ngumu, na kwa rimu za chuma joto hilo si tatizo. (Kwa rimu za alumini ningekuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu joto linaweza kupunguza nguvu zake.) Lakini tabaka moja la unga huwa mikroni 60 hadi 100, wakati mwingine zaidi, na wanaopiga madirisha na mageti Industrial Area wamezoea kufunika chuma chote. Mtu akitaka njia hiyo, aende na rimu ambayo uso wa kukalia haba na mahali pa nati vimeshafunikwa kwa tepu ya kuhimili joto, akae pale mpaka aone zinaingia kwenye tanuri. Na awaombe wasizamishe maandishi yaliyogongwa kwenye rimu. Ukubwa, uwezo wa mzigo na tarehe ya kutengenezwa vyote vimeandikwa pale.

Kazi ya maandalizi nitaipita haraka, ila kuna mambo ambayo siwezi kuyanyamazia. Upepo wote hutolewa kwenye tairi kabla ya gurudumu kufunguliwa, wote kabisa, na kwa malori ya rimu za ringi, zile ambazo tairi hushikwa na pete ya chuma, hili ni suala la uhai. Ringi ikiruka inaua. Hakuna puti kwenye rimu, popote. Shimo au ufa haujazwi wala hauchomelewi, rimu inatupwa. Kutu iliondolewa kwa brashi ya waya na msasa, na rimu mbili zilizokuwa mbaya zaidi zilipigwa kwa chembe za chuma badala ya mchanga. Vumbi la mchanga linaingia kwenye mapafu na kuyafanya magumu, na ugonjwa huo hauna tiba.

Hapo kwa fundi pia tulisimama. Alikuwa amejiandaa kupuliza 2K akiwa amejifunga leso mdomoni. Hadina ya 2K ina kemikali za isosianeti, na hizo zinaweza kumletea mtu pumu ya kumfuata maisha yake yote. Mafundi wengi wa umri wake nawajua wanaokohoa mpaka machozi. Leso haizuii mvuke. Barakoa ya karatasi haizuii. Mama mwenyewe ndiye aliyelipia barakoa ya vichujio vya mkaa na miwani, akasema kama ana pesa ya rangi ana pesa ya pumzi ya mtu. Banda likafunguliwa pande zote mbili, watoto wa jirani wakaondolewa.

Ilikuwa Julai, na Julai ya Nairobi ni baridi na mawingu. Asubuhi chuma kinakuwa na unyevu usioonekana. Ukipiga rangi saa mbili umefungia maji chini. Tulingoja mpaka saa tano, fundi akigusa rimu kwa mgongo wa mkono, na tukaipa kila tabaka muda mrefu kuliko kopo lilivyosema, kwa sababu baridi inachelewesha kukauka.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni jinsi fundi alivyolinda mahali pa nati. Alikata duara za boksi gumu, pana kidogo kuliko kitako cha nati, akazibandika moja moja kwenye kila tundu. Uso wa kukalia haba ukapata praima tu, tabaka moja jembamba, tukalipima mpaka likawa chini ya kiwango. Rangi ya kijivu ikaishia pembeni yake. Alipobandua zile duara, kila tundu lilikuwa na mzingo safi wa praima. Nati na stadi hazikupigwa rangi kabisa. Kwa wenye malori ya Kijapani ya mtindo wa zamani naongeza hili: nati za upande wa kushoto mara nyingi hufunguka kinyume, na stadi zake zimegongwa herufi L kwenye ncha. Ukiifunika herufi hiyo kwa rangi, fundi anayefuata ataikaza akidhani anaifungua.

Nyuso za haba zilikwanguliwa mpaka chuma, rimu zikafungwa, nati zikakazwa kwa mpangilio wa kuvuka na kumaliziwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Bomba refu na uzito wa taniboi sivyo vipimo. Kisha tukachora mstari mwekundu wa rangi kutoka kila nati hadi kwenye rimu. Juu ya kijivu mstari huo unaonekana ukiwa bado uko mlangoni. Nati ikizunguka, mstari unakatika. Lakini nilimwambia mzee asiutegemee peke yake, kwa ile sababu niliyoieleza: nati inaweza kupoteza mkazo bila kuzunguka. Mstari unaonyesha nati iliyozunguka, mchirizi unaonyesha iliyolegea, na vyote viwili vinahitaji rangi isiyoficha.

Baada ya kufunga magurudumu, nati hukaguliwa tena kilomita 80 hadi 160 baadaye. Safari ya Machakos na kurudi inaangukia katikati hapo, kwa hiyo mzigo wa kwanza ulipangwa wa Machakos, na lori likarudi moja kwa moja kwenye spana. Nati chache zilikubali kukazwa kidogo. Ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Mvua za vuli zilipoanza, taniboi alinitumia picha kwa WhatsApp. Gurudumu la nyuma kushoto, uzi wa kahawia kutoka nati moja, kama urefu wa kidole. Mstari mwekundu ulikuwa haujakatika. Alikuwa ameuosha Jumamosi iliyotangulia akidhani ni tope jekundu, ukarudi mahali palepale, na hapo akajua si tope, maana tope halichagui nati moja. Tulipoweka spana ya toki, nati ile ilizunguka kabla ya kufika kipimo. Ilikuwa ya stadi iliyo jirani na ile iliyokatika Mlolongo. Stadi moja ikikatika, za pembeni yake zimebeba mzigo wake na hubadilishwa pamoja nayo; aliyefanya kazi ile alibadilisha moja tu. Tulipoitoa, nyuzi zake zilikuwa zimevutika, unaona kwa macho nafasi zisizolingana. Zote mbili za pembeni zilibadilishwa siku hiyo, na lori likapakia asubuhi iliyofuata.

Mama bado anapenda nyeusi. Tumekubaliana vifuniko vya katikati ya haba za mbele vipigwe 9005 inayong'aa, kwa kuwa havifuniki nati hata moja, na fundi ameshavichukua.